Dakika Tisa Nilizozirudisha Nyuma

Mwanangu Tima,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na nyingine tutapeana kesho ufukweni mbele za watu, ambapo mimi nitajifanya nimeingiwa na mchanga machoni. Basi hizi za katikati ziwe za karatasi. Umekwenda kuwaaga shangazi zako, na mimi nawajua dada zangu, hawatakuachia kabla ya Maghrib. Alasiri imeshaswaliwa. Nina wakati wa kutosha kuandika mpaka nipande kuadhini.

Mambo ya kufunga begi, ya kutokunywa maji ya kila mtungi, ya kutocheka ovyo na watu usiowajua huko Kismayo, mamako ameyamaliza. Alianza Ijumaa na sidhani kama amebakisha kitu. Mimi nina jambo moja tu, nalo unalijua. Ulilijua kabla sijakwambia. Kisanduku cha redio hukukiharibu wewe. Nilikiharibu mimi, nikanyamaza, na lawama ukaibeba wewe miaka minne.

Nimeliandika mwanzo ili mkono usije ukageuka njiani. Sasa naweza kupumua na kusimulia vizuri.

Unakumbuka siku fundi Sahra alipoleta visanduku. Alikuja kutoka Kismayo na mashua ya barafu, amejifunga mtandio kiunoni, amebeba mlingoti begani mwenyewe na hataki kusaidiwa. Kisanduku kimoja amekiacha kwenye kituo chake karibu na bandari ya Kismayo, cha pili amekisimamisha Fuma juu ya mlingoti, cha tatu Koyama, cha nne akasema kikae Chula juu ya dari la msikiti, maana ndilo refu. Wavuvi akawapa redio ndogo za mkononi, kila moja kama kipande cha sabuni, za kuandikia maneno machache. Mamako akauliza kama kisanduku kidogo vile kina nguvu ya kufika Kismayo.

"Hakina," Sahra alisema. "Sauti yake yafika kwa jirani tu. Jirani naye amwambia jirani yake."

"Kama habari za harusi," mamako akasema.

Wewe ulikuwa umechuchumaa karibu ya kisanduku, na ukauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyelifikiria. "Na jirani akiwa amelala?"

Sahra aliacha alichokuwa akifanya akakutazama. Nadhani tangu siku ile alishakuchagua. Akakueleza wewe, si sisi, kwamba sola ni ndogo na chumvi huila betri, kwa hiyo visanduku hulala muda mwingi. Kila robo saa vinaamka vyote kwa pamoja, dakika moja, kisha vinalala tena. Katika dakika ile kila kimoja kina zamu yake ya kusema. Kismayo kwanza, halafu Fuma, halafu Koyama, halafu sisi, mwisho redio za mkononi. Asiye na zamu hunyamaza akasikiliza. Akisikia ujumbe usio wake, anaushika, na zamu yake ikifika anausema upya ili wa mbele ausikie. Hapo ukawa wewe unayemweleza yeye. Ukasema, basi habari inayotoka Kismayo hushuka mpaka Chula katika dakika ileile, lakini inayotoka Chula kwenda Kismayo inalala njiani, maana zamu za wale wa juu zimeshapita, itangoja robo nyingine kila kituo. Sahra akacheka akasema, "Haye, huyu naondoka naye." Ilikuwa mzaha, na kesho unaondoka kweli.

Alimaliza kwa kusema kwamba yote hayo yanasimama juu ya kitu kimoja, nacho ni kukubaliana saa. Kismayo hutoa saa, Fuma hujirekebisha kwayo na kuipitisha, Koyama vivyo hivyo, mpaka kwetu. Watu wote walitikisa vichwa. Mimi nilisikiliza kwa sikio la mwenye wivu, maana kisiwa hiki tayari kilikuwa na mtu wa saa.

Ile saa ya ukutani ya msikiti unaijua kwa sura, lakini sijakusimulia vizuri ilivyotembea. Tulipokimbia vita, watu walichukua magodoro, masufuria, vyeti. Babu yako aliichomoa saa ukutani, akaifunga kwa kanga mbili za mamake, akaipakata mpaka kambini Kenya. Mimi nilibebeshwa debe la tende na kuambiwa nisilalamike. Kule kambini, kila jua likizama, babu yako alisimama nje ya hema akazungusha mishale ikae kwenye kumi na mbili kamili. Jua lililozama ndilo mwanzo wa hesabu, saa inafuata. Watu wa mahema mengine walimcheka kwamba anaitesa saa kila siku. Akasema, "Saa hii haijui kwamba tumehama, na mimi sitaki ijue." Alipokufa kazi yake ya saa ilikuja kwangu, na tuliporudi Chula niliitundika kwenye msumari uleule. Kwa hiyo nisamehe kidogo, si sana, ukinikuta nilijiona mkubwa mbele ya kisanduku cha plastiki.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Asubuhi ulipanda kufuta chumvi kwenye kioo cha sola. Mimi nikapanda nyuma yako na maswali yangu. Ulinionyesha vitufe kwa adabu, ukasema, "Hiki chapeleka saa mbele, hiki nyuma. Lakini Baba, kisanduku usikiguse. Saa yake yatoka Kismayo, yapita kwa wachu wote."

"Kwani jua linazamia Kismayo?" nikakujibu.

Ulicheka, ukidhani natania.

Jioni nilipanda kuadhini, saa ya msikiti nimeichomoa ukutani nimeipakata, kama kila siku. Jua likazama nyuma ya bara, nikaiweka saa ya msikiti kumi na mbili juu ya alama, nikageuka. Kisanduku kinasema kumi na nane na dakika tisa. Ile kumi na nane sikuijali, nilijua ni hesabu ya serikali ya saa ishirini na nne. Dakika tisa ndizo zilizonikera. Nikafungua kifuniko, nikakibonyeza kitufe cha nyuma mara tisa, na kila mara kikalia kama kifaranga. Nilijisikia nimewanyooshea watu mkeka uliopinda. Siku ile niliadhini kwa sauti nzuri, mamako mwenyewe alinisifu.

Tangu hapo kisanduku chetu kiliamka wenzake wameshalala. Kilisema zamu yake, hapana wa kuitika. Kilisikiliza dakika yake nzima, kikasikia kimya, kikalala. Na saa ya Kismayo ilipita juu ya vichwa vyetu kila robo saa, nacho kimefumba macho. Kilihitaji kusikia ili kijirekebishe, na hakikuweza kusikia kwa kuwa hakijajirekebisha. Hayo nilikuja kuyaelewa baadaye. Wakati ule niliona taa yake ya kijani inamulika, nikasema kizima.

Siku iliyofuata injini ya Lali wa Koyama ikafa kusini mwa kisiwa chetu, yeye na shemeji yake, wakasukumwa mpaka kwenye fungu la mchanga lenye vichaka viwili vitatu. Walikuwa na redio ya mkononi. Wakaandika, wakatuma, wakatuma tena. Aliyepaswa kuushika ujumbe ule na kuupeleka Koyama ni sisi. Walikaa siku mbili, na maji yao ni nusu dumu. Asubuhi ya tatu vijana wetu waliokwenda kutega nyavu wakaona shati juu ya kasia. Waliletwa hapa wazima, alhamdulillahi, midomo imepasuka, na neno la kwanza la Lali baada ya kunywa lilikuwa hili: "Nimebonyeza mpaka kidole kimeota sugu. Chula mwalala?"

Kabla ya Adhuhuri watu walishakumbuka kwamba waliokuona darini na kitambaa ni wengi. Kabla ya Alasiri ilikuwa kisiwa kizima: Tima kakichezea. Kesho yake Sahra akaja, akapanda, akakifungua, akashuka ngazi taratibu. "Saa imerudishwa nyuma kwa mkono," akasema. "Dakika tisa. Nani aliyekigusa?"

Watu wote walikutazama wewe. Wewe ulinitazama mimi, mara moja tu, kisha ukainamisha macho ukasema, "Mimi ndiye niliyepanda asubuhi." Neno la kweli. Hukusema uongo hata nusu. Uliacha pengo pale pembeni, lenye upana wa mtu mmoja, ili babako aingie aseme lake.

Nikasema, "Bado mtoto, msameheni."

Hilo, Tima, nalijutia kuliko zile dakika tisa. Dakika nilizirudisha kwa ujinga, lakini lile nililisema nikiwa na akili zangu. Nilikuombea msamaha kwa kosa langu, na watu wakanisifu kwa upole.

Nimejitetea moyoni miaka minne, na utetezi wangu nikuandikie uucheke. Ramadhani ilikuwa inakaribia. Nikasema, watu wakijua mwadhini amekosea saa, nani atafungulia kwa adhana yake? Nawalinda wao na swaumu zao. Shetani akimjia mwadhini haji na ngoma, huja na tasbihi. Na Sahra nadhani alijua. Alipokuwa akienda zake alisimama mlangoni mwa msikiti, akaitazama saa ya ukutani, akaniuliza kwa heshima kubwa huwa naiweka wakati gani. Nikamjibu, jua likizama. Akasema, "Naam," akaenda mashuani.

Mwaka mzima hukupanda dari. Ulikuwa unachota maji, unasuka ukili na mamako, unajibu ukiulizwa. Hukuwahi kunitupia neno, hata siku niliyokugombeza kwa chumvi ya mchuzi, ambapo mwingine angelitupa. Nilitamani ulitupe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasemao hivyo hawakukosea, mimi nilikisikia kila jioni nikizungusha mishale ya saa.

Halafu Sahra akarudi na kompyuta yake na maagizo mapya ya visanduku, akakuita jina lako mbele ya watu, ukapanda. Nilisimama chini ya ngazi nikasikia akikufundisha. Alisema zamani kisanduku kikiwapoteza wenzake kiliendelea kulala na kuamka kwa saa yake mwenyewe, na kila siku kinazidi kupotea. Sasa kimeagizwa kwamba kikikosa kumsikia jirani kwa muda, kiache kulala. Kikae macho, kisiseme kitu, kisikilize tu, mpaka kimsikie mmoja. Betri itaumia, lakini kitarudi. Nilikwenda nikakaa kwenye baraza la msikiti peke yangu. Sijawahi kusikia hotuba ya Ijumaa iliyonipata vile, na aliyeitoa hata hakujua nipo.

Utakosea huko, mwanangu. Kismayo ni mji, una watu wengi kuliko samaki tunaowavua, na utakaa kwenye kazi ambayo kosa lako litafika visiwa vyote kwa dakika moja. Ukikosea, sema kosa lako siku ileile, wakati bado ni dogo. Mimi langu lilikuwa linatosha kwenye kiganja, ningelisema pale chini ya ngazi lingekwisha kwa aibu ya jioni moja. Nimelilea likawa kubwa. Naacha hapo, maana naanza kuhutubu na uliniomba nisihutubu.

Mwezi uliopita Sahra alipokuomba ukakae naye kwenye kituo, ukishike kile kisanduku kinachotoa saa, uliingia jikoni ukamwinua mamako na mwiko wake mkononi. Nyumba ilicheka siku mbili. Halafu ujumbe wa Lali ukaja kutoka Koyama, umeandikwa wazi, umepita kwenye kila kisanduku na kila redio ya mkononi: kama mwenye saa atakuwa yule binti wa Chula, Koyama wanarudisha redio zao. Uliusoma wa kwanza. Ukanipa kidude mkononi nisome na mimi, ukaenda kukaanga samaki. Hukulia. Ningeona afadhali kama ungelia.

Mamako alingoja utoke. "Athmani," alisema, na huwa haniiti jina ila kwenye msiba. "Mchoto aondoka na mzigo wako. Wataka aubebe mpaka Kismayo?"

Basi leo baada ya Adhuhuri nilisimama msikitini. Ulikuwa na mamako nyumbani mnakunja nguo, ndiyo maana hukusikia, ingawa shangazi zako sasa hivi wameshakwambia na wameongeza chumvi. Niliwageukia watu, nikasema: mwaka ule wa Lali, aliyerudisha saa ya kisanduku ni mimi. Tima aliniambia nisiiguse, nikaigusa. Kisha nikamwacha alaumiwe. Nilisema hayo tu, na hata hayo yalinitoa jasho mpaka kwenye magoti.

Kisha mzee Bwanaheri, ambaye hukaa safu ya mbele kwa ajili ya kunikosoa, akajikohoza. "Mimi nilidhani wataka kutwambia umekosea Ramadhani. Saa ya msikiti ni nzima?"

"Ni nzima."

"Basi kaa chini, wachu wana njaa."

Wakacheka, na mimi nikacheka, ingawa wawili watatu walitoka bila kunipa mkono. Wana haki yao, nitawafuata nyumbani mmoja mmoja.

Lakini msikiti wa Chula ni wa Chula. Lawama yako ilikuwa imetembea mpaka Kismayo, na mimi sina mashua. Nikapanda dari. Kisanduku hakipokei maneno mengi, unajua, kwa hiyo sikupata nafasi ya kujipamba. Niliandika hivi: "Mimi Athmani mwadhini Chula. Aliyerudisha saa mwaka ule ni mimi. Si Tima. Lali nisamehe." Nikaagiza uende kwa wote, nikabonyeza.

Kumbe kungoja robo saa ni kazi. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta nikatazama kile kioo kidogo. Dakika ikafika, zamu yetu ikaja, na alama ya Koyama ikawaka kwamba wameshika. Ningetaka kuurudisha wakati ule nisingeweza tena. Robo ya pili, Fuma. Fuma siku nyingi hakuna mtu, kisanduku kiko peke yake na ndege, na Sahra aliwahi kuniambia ndicho chenye saa nzuri kuliko vyote. Sasa najua sababu, hakina mwenye busara wa kukirekebisha. Robo ya tatu, Kismayo. Ungamo langu lilipanda kituo kwa kituo kama ulivyoeleza siku ile umechuchumaa, likilala kidogo kila mahali, na kila mahali likirudiwa vilevile bila kupunguzwa herufi.

Jibu la Lali lilikuja kabla ya Alasiri. Nimelinakili kwa mkono uondoke nalo: "Tumesoma. Redio zetu tunabaki nazo. Kesho mashua ipite Koyama, Tima ashuke ale kwetu. Wewe Athmani, zamu yako yaja."

Nimelisoma mara nyingi. Sijui zamu yangu itakuwa maneno au bakora, na vyovyote nitakwenda. Ila nilipofika pale pa kushuka na kula, Tima, nililia kweli, hapakuwa na mchanga wa kusingizia. Shuka ule. Lali ana aibu ya kukutazama kuliko wewe ulivyo na hofu ya kumtazama, kwa hiyo mwanzie salamu.

Asante kwa kunisitiri. Sikustahili, na sikukuomba, na wewe hukunidai. Nakupenda, na nakujivunia kuliko saa ya babu yako.

Jua limekaribia kugusa bara, nitasikia nyayo zako uani sasa hivi. Nitapanda na saa ya msikiti, nitaiweka kwenye kumi na mbili kama nilivyofundishwa. Pembeni yake kisanduku kitasema lake, vitatofautiana dakika kadhaa, na nitaviacha vitofautiane. Keshokutwa utakaa kwenye kituo, na saa utakayoitoa itapita Fuma, itapita Koyama, itafika hapa katika dakika ileile. Nitakuwa nimesimama hapo, mikono nyuma, naipokea kama ilivyo.

Ni mimi babako,
Athmani